Mwanafunzi wa Fildi Kijiweni: Mafunzo kwa Vitendo na Usafiri Usiochafua Hewa

Kila mwaka vyuo vya ufundi na vyuo vikuu nchini Tanzania hupeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi, na si wachache wanaoishia kupanga mafaili na kutoa nakala katika ofisi zisizo na kazi ya kuwapa. Wakati huohuo, katika vijiwe vya bajaji na bodaboda vya Dar es Salaam kuna maswali mengi kuhusu mafuta, gesi na moshi yasiyo na wa kuyajibu. Kwa maoni yetu, mwanafunzi wa uhandisi au usafirishaji angefaa zaidi huko, mradi aende na daftari la vipimo badala ya vipeperushi.

Dereva wa bajaji humpelekea tajiri wake, yaani mwenye chombo, hesabu (fedha waliyokubaliana) kila siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Ukimweleza mabadiliko ya tabianchi kabla ya kugusa hesabu hiyo, atakusikiliza kwa adabu tu. Mwanafunzi makini huanzia kwenye tangi: dereva anajaza hadi juu, wanaandika kilomita zinazosomeka, anaendelea na shughuli zake, kisha anajaza tena hadi juu, lita zilizoingia mara ya pili ndizo alizotumia kwa kilomita zilizoongezeka. Zoezi hilo likirudiwa kwa wiki kadhaa, kwa bajaji za petroli na za gesi asilia, ambayo huuzwa kwa kilo, kijiwe kinapata ulinganisho wake chenyewe. Foleni ya kituo cha gesi nayo ihesabiwe, kwa sababu anayekaa foleni hapakii abiria, na kulificha hilo ni kumdanganya dereva.

Moshi nao husomeka. Ukiwa mweusi, mafuta yamezidi hewa, mara nyingi kwa sababu kichujio cha hewa kimeziba. Ukiwa wa bluu, oili inaungua ndani ya injini, pengine kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Kubadilisha kichujio hakusubiri mfadhili.

Kuhusu gesi asilia, ambayo ilianza kufika Dar es Salaam kutoka kisiwa cha Songo Songo mkoani Lindi mwaka 2004, mwanafunzi anapaswa kusema pande zote mbili. Inapoungua hutoa kaboni dioksidi pungufu kwa takriban robo kuliko petroli kwa nishati ileile, na masizi machache kuliko dizeli. Hata hivyo, sehemu yake kubwa ni methani, na methani ikivuja bila kuungua hupasha joto dunia zaidi ya mara 25 ya kaboni dioksidi ya uzito uleule kwa kipindi cha miaka 100, kwa hiyo kiungo cha bomba kilicholegea kinaweza kula faida yote iliyokusudiwa.

Lipo pia suala la usalama, na hapa hatuna simile: mtungi wa gesi ya kupikia usifungwe kamwe kwenye mfumo wa gesi asilia ya magari. Gesi ya magari hushindiliwa hadi kufikia bar 200, ilhali mtungi wa jikoni umetengenezwa kwa mgandamizo mdogo mno kulinganisha na huo. Ufungaji ni kazi ya karakana iliyoidhinishwa. Mwanafunzi wa fildi anaangalia na kuandika, hafungi.

Serikali ya mtaa inayotaka wanafunzi wa aina hii iandikie chuo mapema, kabla ya likizo ndefu, ikitaja kijiwe husika na kiongozi wake atakayekuwa mwenyeji. Matokeo yabandikwe kijiweni kabla ya ripoti kwenda chuoni, yakiwa na lita, kilo, shilingi na dakika za foleni, lakini bila majina wala namba za vyombo, kwa kuwa hakuna dereva anayependa tajiri wake ayasome mapato yake ukutani.