Harufu kwenye koding ya mwanzo: kihisi hakinusi, programu ndiyo inayonusa

Watoto wanaoanza koding huku kwetu Kisumu huanzia palepale: taa ya LED iwake na kuzimika, joto la chumba lisomeke kwenye skrini, kigari kikwepe ukuta. Tangu KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ilipoidhinisha mtaala wa koding mwaka 2022, maswali ninayopata kutoka kwa walimu yamebadilika. Zamani waliuliza waanze na nini. Siku hizi wanauliza baada ya kigari kuna nini. Jibu langu ni harufu. Ukishuka ufuoni Dunga unajua omena (dagaa wa ziwani) imeanikwa kabla hujaiona, na ukipita Muhoroni kiwanda kikisaga miwa huhitaji kusoma kibao. Mtoto aliyekulia hapa ana maarifa mengi puani, na hakuna mradi mwingine wa darasani unaomuuliza kuyahusu.

Shida ni namna mradi huo unavyofundishwa. Mafunzo mengi ya mtandaoni hukwambia uunganishe kihisi, uandike "kama kisomo kimezidi 400, piga king'ora", basi umemaliza. King'ora kinalia, watoto wanashangilia, na hakuna aliyejifunza chochote kuhusu harufu. Wiki inayofuata kinalia chenyewe chumba kikiwa kitupu, na mwalimu anaamua kwamba aliuziwa feki.

Si feki. Vihisi hivi vya bei ya shilingi mia chache, vile vyenye majina yanayoanza na MQ, vina kibomba cha kauri chini ya kofia ya wavu wa chuma. Kibomba hicho kimepakwa oksidi ya bati, na ndani yake kuna waya wa hita. Oksidi ya bati ikipata moto, oksijeni ya hewani hujibandika juu yake na kunyakua elektroni, kwa hiyo umeme unapita kwa shida. Ukija mvuke wa spiriti, moshi au gesi ya kupikia, mvuke huo huungana na ile oksijeni na kuibandua. Elektroni zinarudi, umeme unapita vizuri zaidi. Hayo tu. Mjapani Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1962, na kinachouzwa leo Luthuli Avenue jijini Nairobi bado kinafanya kazi kwa kanuni ileile.

Sasa fikiria mtungi wa gesi jikoni. Propani na butani zilizomo hazina harufu. Kinachotufanya tukunje pua ni kemikali ya salfa iitwayo merkaptani, ambayo huongezwa kwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Kihisi cha MQ-2 ukikiweka hapo kitashtuka, lakini kitakuwa kimeshtushwa na propani na butani zenyewe. Wewe na kihisi mmekubaliana kuwa kuna gesi, kila mmoja kwa ushahidi wake. Mimi hulieleza jambo hili kabla ya waya wowote kuunganishwa, kwa sababu linaondoa dhana kwamba tumenunua pua. Tumenunua kitu kinachotoa namba moja, inayopanda na kushuka. Kuigeuza namba hiyo kuwa harufu ni kazi ya programu, na hapo ndipo mtoto anapojifunza koding kwelikweli.

Kuunganisha hakuna mambo mengi. Kibodi cha MQ, yaani bodi ndogo inayobeba kihisi (si kibodi cha kompyuta), kina miguu minne: umeme, ardhi (GND), kisomo cha analogi (namba inayopanda na kushuka) na kisomo cha dijitali. Huo wa dijitali uacheni. Hutoa ndiyo au hapana kulingana na skrubu ndogo iliyo mgongoni, na skrubu hiyo haifundishi kitu. Hita inataka volti 5 na hula karibu milliampea 150. Arduino Uno, bodi ya kujifunzia koding, iliyochomekwa kwenye laptopu huimudu bila wasiwasi. Mwenye micro:bit, bodi nyingine ndogo ya wanaoanza, asijaribu kulisha hita kutoka kwenye tundu la volti 3. Alete umeme wa volti 5 kutoka kwenye chaja ya simu, aunganishe ardhi za vyote viwili pamoja, na apitishe mguu wa analogi kwenye rezista mbili za kiloomu 10 ili volti igawanyike nusu kabla haijafika kwenye bodi. Asipofanya hivyo, kibodi kinaweza kusukuma hadi volti 5 kwenye mlango usiozitaka, na micro:bit si rahisi kuipata huku.

Kihisi kipya kiwashwe zaidi ya saa 24 kabla ya kukiamini, ndivyo karatasi za watengenezaji zinavyosema. Baada ya hapo dakika kadhaa za kupasha kila kipindi zinatosha. Kofia hupata joto, na mtoto ataigusa hata umwambie nini. Gundi ya silikoni na mivuke yake iwe mbali kabisa, kwani huharibu oksidi ya bati, na hakuna kusafisha baada ya hapo.

Tuje kwenye programu. Ninakataza namba 400. Kwa kweli ninakataza namba yoyote ambayo mtoto hakuipima mwenyewe. Programu ya kwanza huwa hivi, iwe kwa vipande vya kuburuta vya mBlock au kwa maandishi:

hewaSafi = wastani wa visomo 50
rudia daima:
  sasa = wastani wa visomo 10
  uwiano = sasa ÷ hewaSafi
  kama uwiano > 1.3, washa taa
  vinginevyo, zima taa

Mistari sita, lakini ina kigeu (jina linaloshika namba), wastani, kitanzi (rudia) na sharti (kama), mambo yote ya muhula mzima. Na ile 1.3 hujadiliwa. Kuna watakaotaka 1.1 ili taa iwake upesi, kisha wanagundua inawaka mtu akipita tu na mafuta ya kujipaka. Kuna wa 2 ambao taa yao haiwaki hadi pamba yenye spiriti iguse wavu. Waache wabishane, hakuna namba sahihi, kuna namba inayofaa kazi fulani.

Kwa nini uwiano na si kisomo chenyewe? Kwa sababu ya hali ya hewa ya ziwani. Oksidi ya bati husukumwa na joto na unyevu pia. Chumba kilekile kinachosoma 110 asubuhi kavu kinaweza kusoma juu zaidi jioni mvua ikinyesha, bila harufu yoyote mpya kuingia. Mtu aliyeandikia programu yake mji mkavu wenye baridi amekuuzia namba ya kwao. Hata Nakuru na Kisumu hazitakubaliana. Ukipima hewa safi kila unapowasha, sehemu kubwa ya tatizo inaisha, ingawa ikinyesha katikati ya somo itabidi upime upya. Vihisi vya aina ya BME680 hupima joto, unyevu na gesi kwa pamoja, na programu inaweza kufidia yenyewe; bei yake ni mara kadhaa ya MQ, na kwa mwanzo sioni haja.

Sehemu ninayoipenda ni mchoro. Programu ya Arduino ina dirisha linalochora visomo kama mstari unaotembea. Weka tone la spiriti kwenye pamba, lisogeze karibu na MQ-3, kihisi cha pombe: mstari unaruka, ukiondoa pamba unateremka polepole. Mara ya kwanza kuna mtoto atakayeuliza, "Tichi, mbona haishuki, imekufa?" Haijafa. Kupanda ni haraka, kushuka kunachukua muda kwa sababu mvuke uliobaki chini ya kofia lazima utoke na oksijeni ijibandike upya. Sasa leta kitunguu kilichokatwa, kisha ndizi iliyoiva hadi kuwa nyeusi, ambayo huanza kuchacha na kutoa pombe kidogo. Kila kitu kinachora mlima wake: huu mwinuko mkali, ule kilima cha uvivu. Watoto wakianza kusema "hiyo ni ya ndizi" kwa kuangalia mchoro tu, waulize wameonaje. Majibu yao, kwamba ulipanda kwa sekunde ngapi, ulifika wapi, ulishuka vipi, ndiyo vigeu vya programu inayofuata.

Hapo kihisi kimoja kinaanza kupungukiwa. Muuzaji atakwambia MQ-3 ni ya pombe na MQ-135 ni ya amonia. Ni kweli kwa kiasi, maana kila kimoja huchangamkia kitu chake zaidi. Lakini pulizia manukato karibu na MQ-135 uone. Ajabu ni kwamba pua yetu pia haina kipokezi kimoja kwa kila harufu. Linda Buck na Richard Axel walichapisha mwaka 1991 kazi iliyofichua familia ya jeni za vipokezi vya harufu, wakapata Tuzo ya Nobel 2004. Binadamu ana aina takriban 400 za vipokezi hivyo, na ubongo husoma mchanganyiko: hiki kimewaka sana, kile kidogo, yule kanyamaza. Mwaka 1982, Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba vihisi vitatu tu vya aina hii, kila kimoja kikiwa hakina uhakika, vikisomwa pamoja vinaweza kutofautisha harufu nyingi.

Vitatu hata klabu ya shule inavimudu. Panga MQ-3, MQ-135 na MQ-4 (ya methani), na ukumbuke kwamba sasa hita zinakula karibu milliampea 450, kwa hiyo tumia chaja ya simu badala ya laptopu. Tuseme spiriti ilitoa uwiano wa 2.8, 1.6 na 1.2, na kitunguu 1.3, 1.5 na 1.1. Hifadhi namba hizo. Harufu isiyojulikana ikija na 2.5, 1.5 na 1.2, toa kila moja kutoka kwa mwenzake, puuza alama ya kutoa, jumlisha tofauti. Kwa spiriti jumla ni 0.4, kwa kitunguu ni 1.3. Jumla ndogo ndiyo jibu. Mtoto wa gredi ya 7 hufanya hesabu hiyo kwa kalamu kabla hajaiandika kama programu, na tayari amejenga mashine inayojifunza kwa mifano, bila mtu kumtisha kwa neno akili unde.

Mfugaji mmoja wa kuku kutoka Njoro aliniuliza, "Mwalimu, kitu hiki kinaweza kuniambia banda limeharibika?" Huo ni mradi mzuri kuliko king'ora chochote. Matandiko yakilowa hutoa amonia, na anayeingia bandani kila siku pua yake imeshazoea, haimwambii kitu. Weka MQ-135 kwenye kimo cha kichwa cha kuku, maana hewa ya hapo ndiyo wanayovuta. Hewa safi ipimiwe nje ya banda. Vumbi litaziba wavu, kwa hiyo kihisi kisome kwa dakika chache kisha kitolewe. Wafugaji wengi huambiwa wasiiachie amonia kupita sehemu 25 kwa milioni, kibodi chako hakijui sehemu kwa milioni hadi ukilinganishe na kipimo cha kweli, kwa hiyo kiseme tu "leo ni mara 1.6 ya jana". Kwa kubadilisha matandiko, hilo linatosha.

Kuna maswali mawili huja kila mara kutoka kwa wazazi, na yote nayajibu hapana. Je, MQ-3 itatambua chang'aa yenye methanoli? Hapana, methanoli na ethanoli huisukuma namba upande uleule, na kikombe cha kuua kinaweza kufanana na cha kawaida. Je, kitu hiki kitagundua aflatoksini kwenye mahindi? Hapana, aflatoksini yenyewe haina harufu, na gunia linaweza kunukia vizuri likiwa na sumu. Halafu kuna MQ-7, ya kaboni monoksidi, ambayo mwalimu fulani alitaka iwe king'ora cha bweni lenye jiko la makaa. Karatasi yake inataka hita ipewe volti 5 kwa sekunde 60, kisha volti 1.4 kwa sekunde 90, kwa zamu. Vibodi vingi vya bei nafuu hutoa 5 mfululizo, na kisomo hakiaminiki. Nilimwambia jiko litolewe nje, na kihisi wakitumie darasani.