Marshali wa mbio za magari si mtazamaji wa bure

Safari Rally ikionyeshwa kwenye runinga, hapa Malindi hukosi kusikia: "Yule marshali ana bahati, anatazama bure!" Si kweli, na inawavunjia heshima marshali, wasimamizi wa usalama kando ya barabara ya mbio, watu wanaolinda maisha.

Wengi wao wanajitolea. Mfikirie aliye Rally Sweden, mbio za magari za Uswidi, kule mjini Umeå, mwezi Februari: anafika msituni saa kadhaa kabla ya gari la kwanza, barabara ishafungwa, theluji kila upande. Gari likifika, linapita kwa sekunde chache, na hata hizo macho yake yako kwa watu. Aliyesimama upande wa nje wa kona, ambako gari likiteleza ndiko litakakoangukia, lazima aondoke, hata kama ni kwa kubembelezwa.

Gari likipinduka, waliomo wakiwa salama huonyesha kibao cha OK; wakihitaji daktari, cha SOS chekundu. Marshali huarifu kwa redio, na akiamriwa huonyesha bendera nyekundu. Dereva akiiona hupunguza mwendo papo hapo, hata awe anaongoza.

Kijana wa Malindi anayetaka kujitolea Naivasha, kwenye Safari Rally, ayajue haya kabla ya kupanda basi. Kama hamu yake ni kuona mbio, basi akae na watazamaji.