Paa Yule, Paa Lile: Pumzi Ambayo Sikio Langu Halikuisikia

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, nikirekodi matamshi ya bibi mmoja aliyezaliwa na kukulia hapo. Nilikuwa nimemwomba ataje sehemu za nyumba, kisha majina ya wanyama, naye alipofika kwa paa wa porini nilimwambia kwamba neno hilo alikwisha kulitamka alipotaja paa la nyumba. Alinitazama kwa huruma. "Hebu sikiza vyema, mwanangu," akasema, akayatamka yote mawili mara tatu, moja baada ya jingine. Mimi niliyelelewa bara, na ambaye kazi yangu ni kufundisha fonetiki, yaani taaluma ya sauti za lugha, sikusikia tofauti yoyote.

Jioni nilipofungua rekodi kwenye kompyuta, tofauti ilionekana kwa macho. Katika paa la nyumba, mawimbi ya irabu yalianza karibu papo hapo midomo ilipoachana. Katika paa wa porini, kati ya mpasuko wa midomo na mwanzo wa irabu palikuwa na kipande kirefu cha pumzi tupu. Kwa ajili ya maelezo haya nitaliandika neno hilo la pili phaa, ingawa maandishi yetu sanifu hayaitambui h hiyo.

Ili kutamka p, tunafunga midomo na kuinua kaakaa laini ili hewa isipenye puani. Hewa kutoka mapafuni hukusanyika nyuma ya midomo, shinikizo hupanda, kisha midomo huachana na hewa kupasuka nje, ndiyo maana sauti hii huitwa kipasuo. Wakati wote huo nyuzi za sauti kooni hazitetemi. Jambo la kuangalia ni muda gani hupita baada ya mpasuko kabla nyuzi hizo hazijaanza kutetema kwa ajili ya irabu inayofuata. Zikiwa zimekaribiana tayari midomo inapofunguka, irabu huanza mara moja. Zikiwa bado zimeachana, hewa hupita katikati yake ikivuma kama h, na irabu husubiri. Mwaka 1964 Leigh Lisker na Arthur Abramson walichapisha vipimo vya muda huo katika lugha 11, na tangu hapo umekuwa miongoni mwa vipimo vinavyotumiwa zaidi katika taaluma yetu. Kwa ujumla, kipasuo kama p kisicho na mpumuo, yaani pumzi hiyo, huchelewesha irabu kwa milisekunde (elfu za sekunde) chache tu, pengine 10 au 20, na chenye mpumuo kwa 50 au zaidi. Tofauti yote aliyokuwa akinionyesha yule bibi imo katika sehemu ndogo kuliko moja ya kumi ya sekunde.

Pumzi hiyo ina asili yake. Tunasema ulimi na ndimi, ubao na mbao: kiambishi cha wingi ni nazali, yaani sauti ya puani kama m au n, nayo husikika bila shida mbele ya konsonanti ghuna, zile zinazotamkwa nyuzi za sauti zikitetema. Lakini ukuta hauwi nkuta, wala upande hauwi mpande. Mbele ya p, t na k nazali hiyo ilitoweka zamani, na katika lahaja kama Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, iliacha pumzi mahali pake, hivyo kuta za nyumba hutamkwa khuta. Phaa wa porini yumo katika kundi hilo la maneno yaliyokuwa na nazali. Paa la nyumba, ambalo wingi wake ni mapaa, halikuwa nayo kamwe. Ndivyo ilivyo pia kwa khaa wa baharini na kaa la moto, na kwa thembo mwenye mkonga na tembo la mnazi. Nadhani wengi wetu tuliweza kuipoteza pumzi hii bila hasara kubwa kwa sababu sarufi inabeba mzigo huo: anayesema paa yule hawezi kueleweka kuwa anazungumzia nyumba.

Linalonishughulisha zaidi ni sikio. Hewa iliyotoka kinywani mwa bibi ilifika masikioni mwangu nzima, pumzi na yote, lakini akili yangu iliitupa kabla sijaitambua. Mwaka 1957 Alvin Liberman na wenzake wa Haskins Laboratories, taasisi ya utafiti wa usemi huko Marekani, walionyesha jinsi jambo hili linavyotokea. Walitengeneza silabi kwa mashine, wakazibadilisha kwa hatua ndogo zilizo sawa kutoka b hadi d hadi g. Wasikilizaji hawakusikia mabadiliko ya taratibu. Walisikia b, b, b, kisha ghafla d. Hatua iliyovuka mpaka wa fonimu, yaani sauti inayotofautisha maneno katika lugha, ilitambulika kwa urahisi, na hatua ya ukubwa uleule ndani ya fonimu moja ilikuwa vigumu kuitambua. Kwangu mimi, paa na phaa zilikuwa upande mmoja wa mpaka.

Hatuzaliwi na mipaka hiyo ikiwa imefungwa. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walieleza kwamba watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza, wenye miezi sita hadi minane, walitofautisha konsonanti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hushindwa kuzitofautisha, na kwamba kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Kwa hiyo yawezekana kwamba kabla sijajua kusema "mama" ningeweza kumjibu yule bibi vizuri zaidi.

Macho, ambayo kwa kawaida hulisaidia sikio, hapa hayana msaada, kwa kuwa midomo hufunga namna ileile kwa maneno yote mawili. Kinachosaidia ni kipande chepesi cha karatasi mbele ya midomo: phaa huipeperusha, paa huiacha karibu imetulia. Nilifanya zoezi hilo kwa wiki nyingi nikisikiliza rekodi zilezile, na sasa jozi ya paa siikosei. Ile ya kaa bado hunitatiza, na sababu yake ni ya kimwili: k, hata isiyo na mpumuo, huchelewesha irabu kidogo zaidi kuliko p, kwa hiyo hata kaa la moto huja na pumzi kidogo. Na kwa kuwa mpasuko wake hutokea nyuma kabisa, kwenye kaakaa laini, hata karatasi yangu haitikisiki sana.