"Ametulia" si taarifa ya mtoto mchanga

Wiki iliyopita, wakati wa kukabidhiana zamu asubuhi, muuguzi aliyeanza kazi mwezi huu alinisomea daftari la ripoti, na alipofika kwa mtoto wa kitanda cha sita akasema, "Huyu hana shida, sista, ametulia usiku mzima." Nimelisikia neno hilo kwa miaka kumi na minne katika wodi za watoto wachanga, kutoka kwa waliohitimu jana na hata kwa waliokaribia kustaafu. Safari hii nimeamua kuliandikia, kwa sababu sijui neno jingine linalotuponza kiasi hicho.

Mtoto huyo alikuwa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, wa siku ya nne, mwenye gramu 1,600, aliyeviringishwa khanga mbili na blanketi hadi kidevuni. Nilimfungua. Mapaja yalikuwa yameachia kando, nyayo zilikuwa za baridi, na pembeni mwa mdomo palikuwa na maziwa yaliyokauka, mabaki ya kikombe cha saa tisa usiku. Nilipomkwangua unyayo kwa kidole, alivuta mguu kidogo, akakunja uso kama anayetaka kulia, kisha akaachia katikati bila sauti kutoka. Joto lilikuwa 35.2, sukari ya damu 1.7, vyote viwili chini mno. Tulimpa dextrose (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 10, mililita mbili kwa kila kilo, tukamweka kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, tukamwita daktari na kuanza dawa za maambukizi. Mama yake, ambaye usiku kucha hakuna aliyemuuliza neno, alisema kwamba tangu jioni aliona mtoto wake "hayupo".

Ninajua imani hii inatoka wapi. Nyumbani mtoto asiyelia husifiwa kuwa ni mpole, na majirani humpongeza mama kwa kupata mtoto asiye na usumbufu. Katika wodi za watu wazima, ambako wauguzi wengi hufanyia sehemu kubwa ya mafunzo kwa vitendo, mgonjwa aliyepata usingizi baada ya usiku wa maumivu kwa kawaida ni mgonjwa aliyepata nafuu. Kwa hiyo muuguzi mpya anapoingia kwetu, anamkimbilia mtoto anayepiga kelele na mashine inayolia, na hao wawili mara nyingi ndio wenye hatari ndogo kuliko wote chumbani. Anayelia kwa sauti kamili ana hewa ya kulilia na ana nguvu za kudai. Mashine nayo mara nyingi inalia kwa sababu kihisio kimechomoka mguuni.

Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha, na ndiyo maana sioni udhuru wa kutumia moja kwa kila hali. Kulala si kusinzia, kusinzia si kunyong'onyea, na kunyong'onyea si kulegea. Mtoto aliyetulia ni aliyeshiba na mwenye joto, ambaye hata usingizini misuli yake inashika: ukimnyoosha mkono na kuuachia, unajikunja wenyewe. Aliyelegea, mkono wake unabaki pale ulipouacha. Aliyetulia ukimsumbua anaamka, anakasirika, na hasira yake inadumu. Aliyenyong'onyea anashtuka kisha anarudi alikokuwa kabla hujaondoa kidole. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataja wazi, kati ya dalili za maambukizi makali kwa mtoto mchanga, mtoto anayesogea pale tu anapochokozwa, pamoja na yule aliyeacha kunyonya vizuri, anayepata degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayebonyea kifua kwa nguvu, na mwenye joto la 38 na kuendelea au chini ya 35.5. Someni tena orodha hiyo. Hakuna mahali ilipotaja kilio.

Njiti wanatatiza kanuni niliyoieleza sasa hivi, na hapa ndipo vitabu hupita haraka mno. Mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 29 amelegea kwa asili, kwa kuwa misuli yake bado haijafika wakati wa kushika, naye hulala karibu siku nzima. Kwa kawaida hajaweza kupanga kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, kwa hiyo analishwa kwa mrija, na ile dalili ya kukataa ziwa haipo. Upumuaji wake una vituo vifupi ambavyo ni vya kawaida, hadi kituo kinapopita sekunde 20, au kinapokuwa kifupi lakini kikaambatana na moyo kupunguza mwendo au rangi kubadilika. Mtoto wa namna hii huwezi kumlinganisha na picha ya kitabuni wala na jirani yake wa kitanda cha pili. Unamlinganisha na yeye mwenyewe wa jana. Jana alipobadilishwa nepi alipiga teke, leo je? Jana maziwa ya mrija yalikuwa yameisha tumboni kabla ya mlo uliofuata, leo yamebaki? Ndiyo maana ninasisitiza ripoti iandike alichofanya mtoto. Aliyepokea zamu hawezi kulinganisha "ametulia" na "ametulia".

Kwa nini mtoto mgonjwa ananyamaza, ni jambo rahisi kulieleza. Mtoto mchanga aliyepata baridi hatetemeki kama sisi, bali anachoma mafuta maalumu ya mwilini ili ajipashe joto, na kazi hiyo inakula sukari na oksijeni. Njiti ana akiba ndogo sana ya vyote. Sukari ikishuka, ubongo unapunguza shughuli. Mtoto asiyeamka halishwi vya kutosha, na asiyelishwa anapoa zaidi. Maambukizi kwenye damu huanzia popote katika mzunguko huo, mara nyingi bila homa yoyote. Umanjano uliopanda sana nao, kabla ya kumkakamaza mtoto, kwanza humfanya asinzie na anyonye kwa uvivu, na wapo wanaoandika hapo pia kwamba ametulia.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali nisiyoitaja, nilipokea mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi tisa, lakini akachelewa kulia alipozaliwa. Siku ya kwanza alikodoa macho, akashtuka kwa kila mguso, akalia mfululizo. Siku ya pili alinyamaza. Nilimwambia mama yake, kwa furaha ya kweli, kwamba sasa anapata nafuu, na nikaandika hivyo. Ubongo uliokosa hewa unaweza kuzidi kuharibika katika siku chache za mwanzo, na yale niliyoyaita nafuu ulikuwa ni ubongo unaozimika. Alifariki siku ya tatu. Sijui kama kutambua mapema kungembadilishia mwisho, kwa kuwa hatukuwa na tiba ya kumpoza mwili ili kuulinda ubongo, lakini mama yake alipewa tumaini na mimi, na nililitoa kwenye neno moja.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania vimeshuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, kutoka 67 katika utafiti wa 2015–16. Vya mwezi wa kwanza vimetoka 25 hadi 24 tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kazi yetu.

Kuna mambo ambayo bado yananisumbua. Mtoto aliyepewa phenobarbital kwa ajili ya degedege analegea, na nikisimama kando yake siwezi kusema kwa hakika kama ni dawa au ni ubongo. Nimekosea pande zote mbili. Wengi tunaowaanzishia gentamicin, dawa ya maambukizi, kwa sababu ya kunyong'onyea, vipimo havionyeshi chochote, na kila sindano ni mkono mwingine unaochomwa. Ninaendelea kuanzisha, ila si kwa moyo mweupe kama zamani.

Nalo suala la muda halina jibu zuri. Muuguzi mmoja mwenye watoto ishirini usiku hawezi kumfungua kila mmoja kila saa, na sitamwambia mtu afanye nisiyoyaweza mwenyewe. Nikiingia zamu ninatembea kwanza kwa wale ambao ripoti haikusema lolote juu yao. Ninafungua khanga, ninahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya mkononi, ninagusa unyayo, kisha ninamuuliza mama: "Mama, leo yukoje kuliko jana?" Akisema hayupo, ninapima sukari hapo hapo, kabla ya kwenda kwa yule anayelia.