Busta ya mgongo: kiti kinachompeleka mtoto kwenye mkanda

Busta ya mgongo ni kiti cha gari cha mtoto aliyekua kiasi cha kufungwa mkanda wa gari lenyewe, ila mkanda huo bado haujamkaa. Haina mikanda yake. Kazi zake ni mbili: kumnyanyua mtoto sentimita kama 10 kutoka kwenye siti, na kuuongoza mkanda wa gari upite juu ya mifupa badala ya nyama laini.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Mtu anakigeuzageuza kiti dukani Kariakoo akitafuta mikanda ya kumfungia mtoto, haioni, anamwambia muuzaji kiti kimepungua vifaa. Hakijapungua. Kiti chenye mikanda ya pointi tano, ile inayopita mabegani, nyongani na katikati ya miguu, ni cha hatua iliyotangulia. Kwenye busta kinachomshika mtoto ni mkanda wa gari, na busta inampeleka tu mtoto mahali mkanda ulipo. Ndiyo maana busta nzuri kwenye gari lenye mkanda mbovu haina faida, na busta ya bei ya kawaida inayolaza mkanda vizuri inashinda ya bei kubwa isiyoendana na siti zako.

Mtazame mtoto wa miaka mitano aliyekaa bila busta nyuma ya Toyota IST. Siti ni ndefu kuliko mapaja yake, kwa hiyo magoti hayafiki ukingoni. Ili akunje miguu anasogea mbele, mgongo unaacha kuegemea, makalio yanateleza. Mkanda wa chini, uliopaswa kulala mapajani, umepanda hadi tumboni. Ule wa juu unamkwaruza shingo, naye anaupitisha nyuma ya mgongo au chini ya kwapa. Kwa macho ya mzazi mtoto amefunga mkanda. Gari likigonga, hali ni nyingine.

Mtu mzima ana kingo mbili za mfupa wa nyonga zilizotokeza mbele, na mkanda wa chini hujipachika hapo. Za mtoto bado hazijatokeza vya kutosha, na huchukua miaka kukomaa, hadi karibu na miaka 10 au zaidi. Mkanda ukikaa vibaya unaziruka kingo hizo na kuingia tumboni, mwili nao unateleza chini yake. Wanaoumia hapo ni utumbo, ini, wengu na uti wa mgongo wa kiunoni. Majeraha haya mengi hayaonekani kwa nje; huenda mtoto akawa na mchubuko tu wa mstari wa mkanda tumboni. Mchubuko huo baada ya ajali ni sababu tosha ya kumwahisha hospitali hata kama anacheka. Na isidhaniwe kwamba mwendo wa mjini ni mdogo: kugonga kitu kigumu kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu.

Sasa kiti chenyewe. Chini kuna kikalio kigumu chenye mikono miwili. Chini ya kila mkono kuna nafasi ya kupitishia mkanda wa mapajani, mara nyingi imepakwa rangi, hasa nyekundu, ili uione. Juu yake kuna mgongo wenye mabawa ubavuni, na kileleni kiegemeo cha kichwa kinachopanda na kushuka. Kwenye kiegemeo hicho, au chini yake kidogo, ndipo kilipo kijia cha mkanda wa begani. Baadhi ya busta zina vishikio viwili nyuma vya kubana kwenye vyuma vya ISOFIX, yaani vyuma vya gari vya kufungia viti vya watoto, vilivyo kati ya kikalio na mgongo wa siti ya gari. Vishikio hivyo vinaishika busta, havimshiki mtoto. Vinazuia kiti kuhama kwenye kona na kuruka kikiwa kitupu. Gari lako likiwa halina vyuma hivyo, na magari mengi ya zamani yaliyotoka Japani hayana, usiache kununua busta kwa sababu hiyo. Ila uwe unaifunga mkanda hata mtoto asipokuwemo, maana ukishika breki za ghafla inakuja mbele kama kiroba.

Kwa nini yenye mgongo, wakati kikalio kitupu ni rahisi na kinaingia hata kwenye begi? Jibu la kwanza ni usingizi. Kutoka Posta hadi Kimara au Tegeta saa 11 jioni mtoto hamalizi safari akiwa macho. Kwenye kikalio kitupu akisinzia anaangukia upande, bega linatoka kwenye mkanda, na kuanzia hapo hana kinga ya juu. Mabawa yanamshikilia ndani ya njia ya mkanda. Jibu la pili ni kugongwa ubavuni, kule makutanoni ambako kila mtu anawahi: kwenye kikalio hakuna kitu kati ya kichwa na mlango. La tatu ni gari lenyewe. Kama mgongo wa siti ya nyuma ni mfupi kiasi kwamba ncha ya juu ya masikio ya mtoto inavuka kiegemeo, kikalio kitupu hakifai kabisa.

Mtoto yuko tayari lini? Umri ni kipimo dhaifu. Chini ya kanuni ya Umoja wa Mataifa ya R44, busta ni ya kilo 15 hadi 36. Chini ya kanuni mpya zaidi ya R129, inayopima kwa urefu, busta ya mgongo huanzia sentimita 100 na nyingi huishia 150, na kikalio kitupu huanzia sentimita 125. Marekani watengenezaji wengi huanzia paundi 40, yaani kilo 18. Lakini kufikisha kilo 15 si amri ya kuhama. Kama kiti chake cha mikanda mitano bado kinamtosha kwa uzito na mabega hayajavuka tundu za juu za mikanda, mwache humo. Na kuna kipimo ambacho mizani haina: je, anaweza kukaa wima safari nzima bila kuinama kuokota kitu, bila kuuchomoa mkanda begani? Kwa wengi hilo haliji kabla ya miaka minne, na wengine hadi mitano au sita. Mtoto mtundu wa kilo 17 yuko salama zaidi kwenye mikanda mitano.

Ukishika kiti dukani, kigeuze kwanza utafute lebo ya rangi ya chungwa. Iwe na herufi E na namba ndani ya duara, ambayo ni nchi iliyotoa idhini, kisha R44 au R129, na kiwango cha uzito au urefu. Kwa R44, namba ya idhini inapaswa kuanza na 03 au 04. Ikianza na 01 au 02 ni kiti cha zamani sana. R129 ina jaribio la kugongwa ubavuni, R44 haina, kwa hiyo bei zikikaribiana chukua R129. Ulaya viti vipya vya R44 viliacha kuuzwa Septemba 2024, ndiyo maana utaviona vingi vikipelekwa kwenye masoko mengine. Si vibovu, ila bei yake isiwe ya kitu kipya. Kiti cha Marekani hakina lebo ya chungwa. Kina maandishi yanayosema kinafuata viwango vya nchi hiyo, FMVSS 213, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Kisicho na maandishi yoyote ni godoro lenye umbo la kiti.

Usinunue kabla hujakijaribu kwenye gari lako, mtoto akiwepo. Duka la maana litakuruhusu kukitoa hadi kwenye maegesho. Kikwazo cha kwanza utakachokutana nacho Dar ni kava za siti. Fundi akishona kava za ngozi bandia, mara nyingi vifungio vya mkanda vya nyuma huzama na kufunikwa moja kwa moja. Kuna magari yamekaa miaka bila mtu kukumbuka kwamba mkanda wa nyuma una pa kuchomeka. Mwambie fundi akate nafasi na vifungio vitoke. Kava ikiwa inateleza sana, busta nayo itateleza.

Kisha angalia siti ya katikati. Magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu hapo, wa pointi mbili. Busta haifungwi na mkanda huo kamwe: sehemu ya juu ya mwili itabaki huru, na kwa kuwa mtoto amenyanyuliwa kichwa kitafika mbele zaidi. Tumia siti za pembeni zenye mkanda wa pointi tatu. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, upande wa kushoto nyuma una faida ya mtoto kushukia kando ya barabara badala ya kwenye magari yanayopita.

Vuta mkanda kwa ghafla, ujifunge. Uachie, urudi wenyewe hadi mwisho. Mkanda ulioloa jasho na vumbi la miaka 15 hurudi kwa uvivu, na ulegevu wa sentimita chache ndio umbali ambao mtoto atasafiri kabla haujamkamata. Wakati mwingine kuusafisha kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini kunatosha. Usiupake mafuta wala dawa ya kung'arishia. Usipojifunga ukivutwa, ubadilishwe.

Weka busta. Mgongo wake ulale bapa kwenye mgongo wa siti. Ukiona uwazi, mara nyingi kiegemeo cha kichwa cha gari ndicho kinausukuma mbele. Kipandishe au kichomoe, kama maelekezo ya kiti yanaruhusu. Hakikisha pia busta haikalii kifungio. Kiti kipana kwenye Vitz au Passo kinakifunika, na mtoto akishindwa kuchomeka mwenyewe utakuta siku moja hakuchomeka.

Mkalishe mtoto, makalio yafike nyuma kabisa. Begi la shule livuliwe; linamsukuma mbele na kuacha nafasi nyuma ya mgongo, na hili ni kosa la kila asubuhi. Pandisha kiegemeo hadi kijia cha mkanda kiwe usawa wa bega au juu yake kidogo tu, sentimita mbili hivi. Pitisha mkanda wa juu kijiani, uvute, uchomeke. Upande wa kifungio, mkanda wa chini na wa juu vyote vipite chini ya mkono wa busta. Upande wa mlango, wa chini tu ndio upite chini ya mkono. Sasa tazama: wa chini umelala juu ya mapaja ukigusa nyonga, wa juu umekata katikati ya bega na kifua. Baibui, mtandio au sketi ya shule inyooshwe, isikunjamane chini ya mkanda. Ondoa ulegevu kwa kuuvuta wa juu kwenda juu.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Mwambie mtoto ainame mbele, kisha aegemee tena. Mkanda unapaswa kumfuata na kurudi wenyewe kupitia kijia. Ukinasa na kubaki umelegea kifuani, basi kijia hicho hakipatani na pembe ya mkanda wa gari lako. Hakuna marekebisho ya hilo. Jaribu kiti kingine.

Kuna kitambaa cha pembetatu kinachouzwa kama mbadala wa bei poa, kinachofungwa kwenye mkanda ili usimguse mtoto shingoni. Kitu hiki tunakikataa waziwazi. Kinaushusha mkanda wa juu kwa kuuvuta wa chini kuja juu, yaani kinaupeleka tumboni, palepale busta ilipotengenezwa kupaepusha. Mto wa sebuleni na kanga iliyokunjwa havina tofauti: gari likisimama ghafla vinabonyea na kuteleza, mtoto anapita chini ya mkanda.

Kiti cha mtumba kinaweza kuwa kizuri, lakini vua kitambaa chake chote uone plastiki na foamu ya ndani. Ufa, hata mwembamba, ni mwisho wa mjadala. Plastiki iliyopauka na kuwa kama chaki imeliwa na jua, na gari linaloanikwa nje mchana kutwa hapa mjini linaizeesha haraka. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi hutoa miaka 6 hadi 10 ya matumizi. Na kama muuzaji hawezi kukuambia kiti kilitoka kwa nani, huwezi kujua kama kimewahi kuwa kwenye ajali. Kilichopata ajali kubwa hakitumiki tena.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 ilitungwa bila sharti la kiti cha mtoto, kwa hiyo usipime hatari kwa kuangalia kama trafiki atakusimamisha. Japani, magari mengi haya yanakotoka, kiti ni lazima kwa mtoto wa chini ya miaka 6 tangu Aprili 2000. Uingereza ni hadi sentimita 135 au miaka 12. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri hadi karibu sentimita 145. Bajaji na bodaboda havina pa kuifunga busta. Ukiita teksi ya mtandaoni, agiza gari na uulize mikanda ya nyuma kabla halijafika.

Kuiacha busta ni suala la vipimo, na hapa mkae ndani ya gari. Mgongo na makalio vikigusa nyuma, magoti yanakunjika ukingoni mwa siti? Mkanda wa chini uko mapajani na wa juu katikati ya bega? Anaweza kubaki hivyo hata akisinzia? Jibu likiwa hapana mara moja tu, busta inabaki. Mtoto wa miaka 10 anaweza kufaulu kwenye Vitz yenye siti fupi na kufeli kwenye Prado ya mjomba wake yenye siti ndefu, kwa hiyo akialikwa safari ya Bagamoyo na busta ipandishwe.