DX ni nini? Kusikiliza redio za mbali kwa aliyehamia Nyanda za Juu Kusini na aliyetoka huko

Redio nyingi za kaseti za zamani, na baadhi ya redio za magari, zina swichi ndogo yenye maandishi mawili: LOCAL na DX. Ukiiweka LOCAL, redio inapunguza nguvu ya mawimbi yanayoingia ili kituo cha jirani kisiielemee. Ukiiweka DX, inapokea kwa uwezo wake wote. Herufi hizo mbili zilianza kwa mafundi wa telegrafu kama kifupi cha umbali, na sasa ndilo jina la shughuli yenyewe: kutafuta vituo vya redio vya mbali, kuvitambua kwa uhakika na kuweka kumbukumbu ya ulichosikia.

Msikilizaji wa kawaida anafuata kipindi. Msikilizaji wa DX anafuata mawimbi. Ndiyo maana kusikiliza redio ya London kwa simu yenye bando si DX hata kidogo, kwa sababu sauti hiyo imeletwa na mnara wa simu wa mtaani. Umbali peke yake nao hautoshi. Mtambo wa kilowati 250 ulioelekezwa Afrika Mashariki umejengwa ili usikike hapa. Ukiupata Uyole hujafanya kazi kubwa. Mtambo wa kilowati 1 uliokusudiwa wakazi wa mji mmoja wa Angola, ukasikika Makambako kwa dakika mbili katikati ya mikwaruzo, hiyo ndiyo DX.

Kinachohesabiwa ni mahali ulipo mtambo, si ilipo studio. Wengi wanakosea hapo. Karibu na Antananarivo, pale Talata Volonondry, kuna mitambo ya masafa mafupi (SW) ambayo kwa miaka mingi imerusha vipindi vya mashirika ya Ulaya. Mtangazaji anaweza kuwa Ulaya na mawimbi yakatoka Madagascar, chini ya kilomita 2,000 kutoka Mbeya. Katika daftari lako unaandika Madagascar. Vivyo hivyo Deutsche Welle ilipokuwa na mitambo Kigali, hadi 2015, aliyeisikia Iringa alikuwa amepata Rwanda, si Ujerumani.

Mtu akihama nchi, orodha yake yote inageuka. Aliyetoka Njombe kwenda kusoma Berlin yuko kama kilomita 7,000 kutoka nyumbani, na kituo alichokuwa akikipata jikoni bila kufikiri sasa kinamtaka waya, subira na saa sahihi. Masafa ya 11735 kHz ya Zanzibar ni mfano mzuri: kwa miaka mingi wasikilizaji wa Ulaya wameyawinda jioni zao kama kitu cha thamani, wakati Watanzania wengi hawakuwahi kuyafikiria. Mgeni anayehamia Mafinga au Tukuyu anakutana na kinyume chake. Redio ya taifa ya Zambia, yenye mlio wa furukombe kabla ya matangazo, imetumia 5915 kHz, masafa yanayosumbua sana kuyapata Ulaya lakini yanayotoka nchi iliyo ng'ambo tu ya Tunduma. Kwa hiyo anayehama aanze daftari jipya. Daftari la nyumba ya zamani halimwambii chochote kuhusu anga la nyumba mpya.

Sababu iko juu angani. Mchana, tabaka la chini la ionosfera (eneo la juu angani lenye chembe za umeme), kama kilomita 60 hadi 90 juu, linameza masafa ya chini. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, na mawimbi yanafika tabaka la juu zaidi, kilomita 200 na kuendelea, ambalo linayarudisha ardhini. Mruko mmoja haufiki mbali zaidi ya kilomita 4,000 hivi, kwa hiyo Mbeya hadi Berlin inahitaji miruko miwili au zaidi, na kila mruko unapunguza nguvu.

Kwa vitendo ni hivi. Mchana tafuta mita bendi (mafungu ya masafa yanayoitwa kwa urefu wa wimbi) 19, 16 na 13, yaani kuanzia 15 MHz kwenda juu. Kuanzia saa 11 jioni shuka kwenye mita 25 na 31. Giza likiingia, nenda mita 49 na 60, pamoja na masafa ya kati (MW). Jua la Mbeya huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na robo kulingana na mwezi, na machweo ya kwetu ni mafupi. Nusu saa kabla na baada ya hapo ndiyo saa ya kukaa mezani, maana vituo vya mashariki kwetu tayari viko gizani na vya magharibi bado viko mwangani. Miaka ya madoa mengi ya jua, kama 2024, mita 13 inafunguka vizuri. Jua likitulia bendi hiyo inakuwa kimya na kazi yote inashuka chini. Mzunguko huo huchukua kama miaka 11.

Kuna jambo moja linalowachanganya wageni kutoka Ulaya. Baada ya machweo, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, sauti za kutoka kaskazini huanza kutetemeka haraka haraka, maneno yanakatika ingawa kituo kina nguvu. Redio ni nzima. Mawimbi yamepita juu ya ikweta ya sumaku (mstari ulio katikati ya ncha za sumaku ya dunia), ambako tabaka la juu huchafuka saa za jioni. Subiri hadi usiku wa manane, au geukia vituo vya kusini: Zambia, Eswatini, Madagascar.

Kuhusu saa, tumia UTC, saa ya pamoja ya kimataifa, kila unapoandika. Tanzania iko saa tatu mbele. Anayesoma saa za Kiswahili ana njia ya mkato: toa 3 kwenye saa ya UTC, na jibu likizidi 12, toa 12 tena; likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12. Saa 18:00 UTC ni saa 3 usiku. Saa 05:00 UTC ni saa 2 asubuhi. Angalia tarehe pia, kwa sababu saa 8 za usiku wa kuamkia Jumapili hapa Mbeya ni saa 23:00 UTC ya Jumamosi. Na usishangae kituo kikipotea ghafla mwishoni mwa Machi au Oktoba: ratiba za kimataifa za masafa mafupi hubadilika Jumapili ya mwisho ya miezi hiyo, Ulaya wakibadilisha saa zao. Saa yetu haibadiliki, ila kituo kinaweza kusogea saa nzima au kuhamia bendi nyingine.

Redio yenyewe si lazima iwe ya gharama kubwa. Tecsun PL-330 au XHDATA D-808 zinatosha kwa miaka. Zote mbili zinaonyesha masafa kwa tarakimu, na hilo ndilo la lazima. Redio ya mshale inayokuonyesha "SW4" haikusaidii kujua uko wapi. Ukiagiza kutoka Marekani, kagua hatua ya masafa ya kati kabla ya kitu kingine. Kule vituo vinaachana kwa 10 kHz, Afrika kwa 9 kHz, kuanzia 531 hadi 1602. Redio iliyobaki kwenye 10 itapita pembeni ya karibu kila kituo na utadhani bendi ni tupu. Kagua pia adapta: ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230 ya TANESCO, imekwisha.

Adui mkubwa kuliko umbali ni kelele ya umeme wa nyumbani. Taa za LED, chaja za simu, dekoda, inveta na chaji kontrola ya sola vyote hurusha mikwaruzo. Njia ya kumkamata mkosaji ni moja. Weka redio kwenye betri, iache kwenye sehemu tupu ya mita bendi 49, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele ikishuka, chanzo ni chako. Washa kimoja kimoja hadi irudi. Isiposhuka, ni ya jirani au ya nguzo, na hapo dawa ni kuhamisha antena, si kubadilisha redio. Kwenye sola ujanja ni kusikiliza usiku: kontrola nyingi hupiga kelele zinapochaji na kunyamaza jua likizama. Inveta lakini haina usiku wala mchana, ikiwaka, inasumbua.

Halafu kuna bati. Nyumba yenye paa la bati inazuia sehemu kubwa ya mawimbi, kwa hiyo antena ya redio ndani ya chumba haitafika popote. Toa waya nje. Mita 10 hadi 15 za waya wa shaba wenye ganda zinatosha, urefu wa mita 4 au 5 kutoka ardhini, ukiwa umeachana na bati angalau mita 3 na usipite juu wala chini ya nyaya za umeme. Ncha ya mwisho ifungwe kwa kamba ya nailoni kwenye mti, waya wenyewe usiguse tawi. Acha ulegee kidogo, kwa sababu mkaratusi unayumba na upepo wa Julai utaukata waya uliokazwa.

Usiuingize waya huo moja kwa moja hadi mezani, maana utaokota kelele ya nyumba njiani. Tumia kebo ya dishi la televisheni, ile ya ohmu 75 inayouzwa kila duka la umeme, na mahali waya unapokutana na kebo weka pete ya feraiti (kauri yenye oksidi ya chuma). Zungusha waya mwembamba mara 9 kwa upande wa antena: ncha moja kwenye waya mrefu, ya pili kwenye nondo ya mita moja iliyopigwa ardhini. Juu ya pete hiyo hiyo zungusha mwingine mara 3 kwa upande wa kebo, bila nyaya hizo mbili kugusana. Kutogusana ndiko kunakofanya kazi: kelele inayotembea juu ya ganda la kebo kutoka nyumbani haipati njia rahisi ya kuingia kwenye antena. Pete ya njano iliyotolewa kwenye saplai ya kompyuta haifai, hiyo ni unga wa chuma na inapoteza nguvu. Bora feraiti ya kijivu kutoka kwenye kebo ya skrini ya zamani. Kiangazi cha Iringa kinakausha udongo, kwa hiyo mwagia nondo maji.

Waya mrefu una madhara yake kwenye redio ya bei nafuu. Vituo vyenye nguvu vinaielemea, na vinaanza kutokea mahali visipo. Ukisikia kituo kikubwa kwenye 8590 kHz ambako hakitarajiwi, jaribu 9500. Redio rahisi hurudia kituo kwa tofauti ya 910 kHz, na tangazo la ugunduzi mpya likitolewa hapo litakuwa la aibu. Punguza waya hadi mita 5, au rudisha ile swichi LOCAL. Kwa masafa ya kati waya hausaidii sana. Redio ina fimbo ya feraiti ndani, basi izungushe redio yenyewe. Kituo kinachokusumbua kitazama ncha ya fimbo ikikielekea, na kilichofichwa chini yake kitajitokeza.

Novemba hadi Aprili radi za Nyanda za Juu hazina mzaha. Mawingu yakianza kujikusanya juu ya Rungwe au Loleza, chomoa kebo na uitoe nje ya nyumba. Kuzima redio tu hakutoshi. Msimu huo pia mikwaruzo ya radi inafunika mita 60 na 90. Vuna bendi hizo kati ya Juni na Septemba. Na milima yenyewe? Kwa masafa mafupi kimo hakiongezi kitu cha maana; faida ya kupanda Kitulo ni kuwa mbali na umeme. Kwa FM ndiyo kimo kinalipa, kwani mawimbi yake hufuata upeo wa macho.

Ukisikia kituo, andika tarehe na saa za UTC, masafa, na mambo uliyosikia kwa angalau dakika 20: jina la kipindi, wimbo, tangazo, lugha. Ongeza alama tano za SINPO, kila moja kutoka 1 hadi 5: nguvu, mwingiliano, kelele, mtetemo wa anga, na hali kwa jumla. Ripoti hiyo ikitumwa kituoni, nacho kikathibitisha kwamba kweli ni wao, hurudisha kadi au barua pepe iitwayo QSL. "Nawasikia vizuri" haithibitishi chochote, na 55555 kwa kila kituo inaonyesha hukusikiliza kwa makini.

Aliyeko ghaibuni kwenye ghorofa asiporuhusiwa kufunga waya ana njia mbili. Ya kwanza ni kubeba redio na mita 10 za waya hadi bustani ya jiji, mbali na majengo. Majira ya baridi ya Ulaya, usiku ukiwa mrefu, masafa ya kati hufunguka mapema mno. Ya pili ni kutumia kipokezi cha mbali kupitia intaneti, kama kile cha Chuo Kikuu cha Twente huko Uholanzi. Kinafaa sana kujifunza bendi na kuthibitisha kama kituo kiko hewani, ila katika daftari na katika ripoti andika kwamba kilisikika Uholanzi, kwa antena ya Twente.