Albamu ya marehemu iliyojaa nyimbo za wengine: maana yake nini?

Kurudia wimbo ni kuuimba upya wimbo ambao tayari una mwenyewe. Vijana wanaita kava, na bendi za hotelini na baa zinasema zinapiga kopi. Miriam Makeba alipoimba "Malaika" tuliouzoea kwa Fadhili William, na miaka baadaye Angélique Kidjo naye akauimba, kilichofanyika ni hicho: maneno ni yale yale, koo ni jingine.

Sasa mchukue mwimbaji aliyefariki, zikusanye nyimbo za namna hiyo alizoacha kwenye kanda, uzitoe pamoja. Ndiyo albamu ya marudio iliyotoka baada ya kifo. Tunasema ni "albamu yake", lakini maneno si yake, na mara nyingi hata uamuzi wa wimbo upi utangulie na upi ufuate haukuwa wake. Chake ni namna alivyoimba.

Sijui mfano bora kuliko Eva Cassidy, mwimbaji wa eneo la Washington nchini Marekani. Aliimba jazi, bluzi, injili, kantri na nyimbo za jadi, zote kwa moyo mmoja. Kampuni za kurekodi zilivutiwa na sauti yake, ila hazikujua zimweke rafu gani dukani. Zilitaka achague mtindo mmoja. Hakuchagua, na hakupata mkataba mkubwa.

Tarehe 2 na 3 Januari 1996 alirekodi onyesho katika klabu ya jazi ya Blues Alley. Kanda za usiku wa kwanza ziliharibika kwa hitilafu ya mitambo, ukabaki usiku wa pili peke yake, na siku hiyo alikuwa na mafua. Hakuridhika na sauti yake. Tarehe 2 Novemba mwaka huohuo alifariki kwa saratani ya ngozi, akiwa na umri wa miaka 33.

Albamu iliyomtambulisha kwa dunia, "Songbird", ilitoka mwaka 1998. Ina nyimbo kumi zilizochukuliwa kutoka rekodi zake tatu za nyuma, na karibu zote ni za watu wengine. Umo wimbo wa Sting, umo wa Christine McVie wa bendi ya Fleetwood Mac, umo wa Curtis Mayfield, na umo "Wade in the Water", wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi. Redio ya BBC nchini Uingereza ikaanza kuzipiga, kisha televisheni ikaonyesha mkanda wa video wa "Over the Rainbow" uliopigwa kwa kamera ya kawaida palepale Blues Alley. Machi 2001 albamu ikashika namba moja Uingereza, zaidi ya miaka minne baada ya mwenyewe kufariki.

Utazame mkanda ule. Wimbo wenyewe ni wa mwaka 1939, wa filamu ya Judy Garland, na kila mtu anaujua. Eva amekaa na gitaa lake, anaanza kwa sauti ya chini, na kila mstari anauchelewesha kidogo kana kwamba maneno ndiyo kwanza yanamjia. Anapopandisha sauti mwishoni, unasahau kwamba uliwahi kuusikia kwa mtu mwingine. Marudio mazuri hufanya hivyo, na kwangu mimi huo ni utunzi, hata kama kisheria mirabaha ya utunzi inakwenda kwa walioandika wimbo.

Swali la kuuliza kwa kila albamu ya aina hii ni nani aliyezipanga nyimbo. Ya Chris Cornell, mwimbaji wa roki wa Marekani aliyefariki Mei 2017, ilitoka Desemba 2020. Nyimbo zake kumi, tangu za John Lennon na Prince hadi Guns N' Roses, alizichagua na kuzipanga mwenyewe mwaka 2016. Kazi ilikwisha kabla ya mwimbaji. Waliobaki waliifikisha tu. "Songbird" ilipangwa na watu wengine, kwa heshima kubwa, lakini ni mikono ya watu wengine.

Na mikono hiyo yaweza kwenda mbali zaidi. Septemba 1996, akiwa mgonjwa sana, Eva alipanda jukwaani mara ya mwisho mbele ya ndugu na marafiki, akaimba "What a Wonderful World", wimbo tuliouzoea kwa Louis Armstrong. Mwaka 2007 sauti yake ya wimbo huohuo, iliyokuwa imerekodiwa zamani, iliunganishwa na ya Katie Melua, mwimbaji wa Uingereza, wakatoka kama wanaoimba pamoja, na wimbo ukafika namba moja Uingereza. Umepangwa vizuri, na fedha zilikwenda kwa Msalaba Mwekundu. Hata hivyo nikiusikiliza, sikio langu huenda kwenye zile sehemu ambazo Eva anaimba peke yake.